Chupa ya Akiba: Glakoma Wakati wa Mlipuko

Machi 16, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, mgonjwa huyo alikuwa hapahapa Arusha. Alitua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla, akitokea Ubelgiji. Shule zikafungwa wiki hiyohiyo, Aprili ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa hadi katikati ya Mei, na jiji linalokula kwa mkono wa mtalii likaanza kuhesabu shilingi. Mkazi wa kata ya Lemara hapa jijini hajasahau ndoo za maji tiririka milangoni, barakoa za kitenge na harufu ya nyungu. Nisichosikia kikitajwa ni tone la jioni: ile dawa ya presha ya macho ambayo mtu huiweka kila siku bila kuumwa popote. Pato likipungua huwa ya kwanza kukatwa kwenye bajeti, kwa kuwa ukiikosa leo, kesho hujisikii tofauti yoyote.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kirusi cha mlipuko huenda kisikuguse kabisa, lakini miezi mitatu bila dawa inaweza kuondoka na sehemu ya macho yako, na hutaambiwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Wakati huo Kagera ilikuwa ikipambana na homa ya Marburg, na ugonjwa huo ukarudi mkoani humo Januari 2025. Katikati yake, Januari 2024, Dar es Salaam ikavamiwa na mlipuko wa macho yenyewe. Mwingine utakuja. Jipange sasa, famasi zikiwa zimejaa na Coaster za Moshi zikitembea.

Unaumwa nini hasa?

Glakoma si mtoto wa jicho, wala si trakoma, yaani vikope. Sisi tunaoishi jirani na Monduli, Longido na Ngorongoro, ambako vikope vimepigwa vita miaka mingi, ni rahisi kuambiwa "glakoma" kwenye kelele za kliniki ukasikia "trakoma" na kurudi nyumbani ukilaumu nzi. Muulize daktari akuandikie jina la ugonjwa kwenye daftari lako, kwa herufi zinazosomeka.

Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Glakoma huua nyuzi za mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi kwa sababu maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri na presha inapanda. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo wanaoharibikiwa ikiwa ndani ya kiwango hicho. Uzi uliokufa haufufuki. Dawa, leza na upasuaji hulinda kilichobaki tu, kwa hiyo usimkasirikie daktari kwamba umetumia matone mwaka mzima na hujaona nafuu. Kutokuona tofauti ndiyo nafuu yenyewe.

Ugonjwa huanzia pembeni. Unagonga mabega ya watu sokoni Kilombero, kila mara upande uleule. Bodaboda inakushtua kama imeanguka kutoka mbinguni. Unakosa ngazi ya kushukia kwenye kifodi. Katikati unaona vizuri, unasoma meseji, unahesabu chenji, basi unasema ni uzee. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wako kwenye hatari kubwa zaidi ya wengine. Kwa hiyo kama wewe unayo, kaka na dada zako wapimwe kabla ya mlipuko, si baada yake.

Hesabu ya chupa

Chukua chupa yako uisome. Chupa nyingi za Timolol, mojawapo ya matone ya presha ya macho, ni za mililita 5, na mililita moja hutoa matone kati ya 20 na 30 kulingana na tundu lake. Basi mkononi una matone 100 hadi 150. Ukiweka asubuhi na jioni, macho yote mawili, ni matone 4 kwa siku: chupa itakwisha kati ya siku ya 25 na ya 37, ikiwa hakuna tone linaloishia shavuni. Na huwa linaishia. Latanoprost, inayowekwa mara moja usiku, huja kwenye kichupa cha mililita 2.5 ambacho kwa macho mawili hukaribia wiki 5 au 6.

Sasa andika kwa kalamu, kwenye lebo, tarehe uliyoifungua. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28, Latanoprost baada ya wiki 6, hata kama zinatikisika bado. Dawa inaweza kuwa nzima humo ndani, lakini vijidudu vilivyoingia kupitia mdomo wa chupa vinataka nafasi tu.

Kutokana na hesabu hiyo unapata kanuni ya nyumbani: siku unapofungua chupa, ya pili iwe kabatini, bado imefungwa. Redio ikianza kusema habari za mlipuko, hata kama mlipuko huo uko mbali, nunua ya tatu. Zaidi ya hapo unajaza kabati dawa zitakazopitwa na muda, na unamnyima mwenzako wa mtaa wa pili. Kabla ya kulipa angalia mwaka wa mwisho wa matumizi. Famasi yenye haraka itakupa iliyobakiza miezi miwili, na hiyo si akiba.

Latanoprost nyingi ambazo hazijafunguliwa zinataka friji, nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Ikishafunguliwa inakaa nje mradi joto lisizidi nyuzi 25, na hali ya hewa ya Arusha inatusaidia kuliko ya Dar. Wasiokuwa na friji wasikate tamaa. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, uiombee nafasi kwenye friji la soda la duka la jirani, mbali na barafu. Ni bora huko kuliko juu ya kabati chini ya bati linalochemka saa nane mchana. Ukiona mlolongo huu ni mzito kwako, mwambie daktari akupe aina isiyohitaji ubaridi.

Pesa ikikatika, usikate dawa kimyakimya. Mwaka 2020 madereva wa utalii, wapagazi na wapishi wa safari walikaa bila kazi miezi mingi, na najua hesabu inavyopigwa mezani: unga, kodi, ada, kisha macho. Rudi kwa aliyekuandikia dawa umwambie ukweli. Timolol ni ya bei nafuu kuliko nyingi, na kubadilishiwa dawa ni afadhali mara mia kuliko kuachwa bila. Mwenye bima aangalie kadi yake inaisha lini, maana kadi nayo huwa na tabia ya kufa wiki ya shida.

Kuna mchezo mwingine ambao wauguzi wa macho wanaujua: mgonjwa anaruka dawa wiki sita, kisha usiku wa kuamkia kliniki anaiweka kwa bidii. Presha inapimwa, iko vizuri, anapongezwa, anarudi nyumbani kuendelea kuharibikiwa. Ukikosa siku kumi, sema siku kumi. Usiposema, daktari ataona mshipa unakufa huku presha ni nzuri, na anaweza kukuongezea dawa nyingine usiyoihitaji.

Tone moja linatosha

Wakati wa mlipuko unaambiwa usiguse macho, halafu unatakiwa kuyagusa mara mbili kwa siku. Suluhisho ni sabuni. Nawa kwa maji na sabuni hadi kwenye vifundo vya mikono, ukaushe. Kitakasa mikono cha spiriti si kizuri hapa. Kikibaki kwenye kidole kinachovuta kope, utalia bure na machozi yatafukuza dawa. Huko Ufaransa mwaka 2020 madaktari walipokea watoto wengi waliorukiwa machoni na vitakasa vya kwenye vioski vya madukani, kwa kuwa mrija ulikuwa usawa wa uso wao. Ukimshika mjukuu mkono mkienda dukani, mkinge.

Lala chali kitandani au egemeza kichwa nyuma. Vuta kope la chini kwa kidole kimoja mpaka lifanye kimfuko, angalia juu, dondosha tone moja humo. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kucha. Fumba jicho taratibu, usipepese wala kukaza, halafu bonyeza kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Hapo pana kijitundu kinachopeleka machozi puani na kooni. Ukikiziba, dawa inabaki jichoni badala ya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wasiobonyeza huhisi uchungu kooni. Kama una dawa ya pili, subiri dakika tano, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Mkono ukitetemeka, mtu wa nyumbani akuwekee, naye anawe. Na chupa ni ya mtu mmoja: mume na mke wote wakiwa na glakoma, kila mmoja na yake, majina yameandikwa.

Leza ya Moshi

Jambo moja linalostahili safari kabla mlipuko haujaja liko hospitali ya KCMC mjini Moshi, umbali wa kilomita kama 80 kutoka hapa. Hospitali hiyo ilifanya utafiti kwa wagonjwa 201 wenye glakoma ya pembe wazi au presha ya juu ya macho, ikilinganisha matone ya Timolol na aina ya leza inayopigwa kwenye mfereji wa kutolea maji ya jicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yale yaliyotumia Timolol.

Huo ni ushahidi wa kwetu, kwa macho ya watu wa ukanda huu, na kwa mawazo yangu ndio unaowafaa zaidi wakazi wa Lemara kuliko ushauri wowote wa mbali. Fikiria maana yake barabara zikifungwa: aliyepigwa leza na ikamkubali anaweza kupita miezi bila kutegemea famasi. Leza si ya kila mtu. Wengine huhitaji kurudia, wengine inakataa, na presha lazima iendelee kupimwa kwa sababu nguvu yake hupungua na miaka. Uliza swali hili kwenye ziara yako ijayo: "Je, mimi nafaa kwa leza?" Ukiambiwa hapana, uliza kwa nini, uandike jibu.

Macho mekundu na dawa ya jirani

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitoa tahadhari kuhusu wimbi la macho mekundu, lililoanzia pwani na kuenea. Mtaani likaitwa red eyes, na mtaani pia ndiko dawa zilikotafutwa. Ugonjwa ule husababishwa na virusi, na kwa wengi hupona wenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa maji safi, kunawa mikono na kukaa nyumbani. Ila nani alisubiri? Watu waliingia famasi na kuomba "ile ya kuondoa wekundu".

Hapo ni rahisi kupewa matone yenye steroidi. Steroidi hutuliza wekundu haraka, ndiyo inayopendwa. Lakini kwa mwenye glakoma, na hata kwa baadhi ya wasio nayo, matone hayo yakiendelea wiki chache hupandisha presha ya jicho bila dalili. Zaidi ya hapo, kama wekundu ule ulikuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, steroidi huweza kukifanya kiwe shimo. Angalia boksi kabla hujalipa: ukisoma Dexamethasone, Betamethasone, Prednisolone au Hydrocortisone, peke yake au pamoja na dawa ya kuua bakteria, irudishe mpaka daktari wa macho aliyekupima aseme. Hili nalirudia kwa makusudi: kati ya makosa yote ya wakati wa mlipuko wa macho, ndilo la hatari kuliko yote kwa mgonjwa wa glakoma, na linauzwa bila swali.

Ukiugua macho mekundu huku una glakoma, dawa yako ya presha endelea nayo. Nawa mikono kwanza. Jicho lililougua liwekewe mwisho, na ukishapona tupa chupa iliyotumika wakati wa ugonjwa. Taulo na mto viwe vyako peke yako. Maziwa ya mama, chai ya rangi, mkojo, majani yaliyotwangwa, yote hayo yaishie nje ya jicho.

Lakini jicho jekundu halifanani moja kwa lingine. La mlipuko huwasha kama mchanga, hutoa matongo au machozi, na mara nyingi huanza moja likafuata la pili, ilhali unaona kama kawaida ukishapangusa. Jicho linalouma kupita kiasi, upande mmoja, na kichwa kinapasuka, unatapika, unaona ukungu na duara za rangi kuzunguka taa: hiyo ni presha iliyofunga mlango ghafla. Nenda hospitali usiku huohuo, hata kama kuna korona, hata kama mvua inanyesha. Saa chache zinatosha kuliua jicho.

Nyungu, tangawizi na dawa za mwili

Kujifukiza hakushushi presha ya jicho. Anayependa nyungu ajifukize, afumbe macho, na asiinamie sufuria iliyotoka motoni. Wakati wa korona watu wengi pia walikunywa maji ya moto yenye tangawizi na limao kwa wingi. Kunywa, ila kidogokidogo. Lita nzima kwa mkupuo hupandisha presha ya jicho kwa muda, kiasi kwamba madaktari huitumia kama kipimo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kuacha dawa kwa imani. Mkoa wetu umeshayaona. Mwaka 2011 maelfu walipanda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila kunywa dawa yake, kikombe kimoja shilingi 500, na wapo walioziacha dawa zao za kila siku baada ya kunywa. Glakoma ni rahisi zaidi kudanganya kuliko magonjwa mengine, kwa sababu uliyeacha dawa hujisikii mgonjwa hata chembe. Maombi na matone havigombani.

Kama una pumu au moyo unaopiga taratibu, mwambie daktari kabla hajakuandikia Timolol. Tone lile linaingia mwilini na linaweza kubana kifua. Ukianza kukoroma kifuani wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu, usidhani moja kwa moja ni kirusi: nenda na chupa yako mkononi. Tangu Juni 2020 deksamethasoni imekuwa dawa ya kuokoa wagonjwa mahututi wa korona, na hapo uhai ni wa kwanza. Ni steroidi hata hivyo, kwa hiyo presha ya jicho ipimwe baadaye. Kuimeza nyumbani kwa kujinunulia ni jambo lingine kabisa. Chanjo yenyewe, kama ile iliyozinduliwa nchini Julai 28, 2021, haina ugomvi na glakoma.

Kliniki: nenda au ngoja?

Kipimo cha macho hufanyika mkiwa mnapumuliana, uso kwa uso, umbali wa kiganja. Daktari Li Wenliang wa Wuhan, aliyewaonya wenzake mwishoni mwa 2019, alikuwa daktari wa macho, na mwenyewe aliamini aliambukizwa na mgonjwa wa glakoma asiyekuwa na dalili. Alifariki Februari 7, 2020. Kwa hiyo vaa barakoa, bana juu ya pua kwa plasta ili mvuke usipande, usizungumze wakati unapimwa, na usikasirike muuguzi akifuta kifaa mbele yako huku foleni imesimama.

Piga simu kabla ya kwenda. Kama presha yako ilikuwa imetulia na dawa unayo, daktari anaweza kusogeza tarehe. Kama una jicho moja tu linaloona, umefanyiwa upasuaji karibuni, presha imekuwa ikipanda, au umeanza kugonga vitu, usikubali kusogezwa: omba rufaa kutoka kituo chako cha afya kwenda hospitali ya Mount Meru, au moja kwa moja Moshi. Kwa taarifa za mlipuko wenyewe, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Ukilazwa, usitegemee kwamba wodini watajua. Uliyelazwa kwa homa hutaulizwa habari za macho, na chupa uliyoiacha kwenye dirisha la chumbani haina mdomo. Weka kwenye pochi karatasi yenye jina la ugonjwa, jina la dawa, saa za kuiweka, presha ya mwisho iliyopimwa na tarehe yake. Piga picha karatasi hiyo na lebo ya dawa, umtumie mwanao au mdogo wako WhatsApp, umwambie: "Nikilazwa, leta hii na chupa kabla hujaleta uji."